Lengalenga Kwanza: Maswali ya Wanaolima Kwenye Parsele za Bukavu

Mvua ya kwanza ya Septemba ikishapiga mabati, maswali huanza. Nipande nini? Nianze lini? Mbona nyanya za mwaka jana ziliungua zote? Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Ibanda, Kadutu au Bagira mwenye kipande cha ardhi kisichozidi vyumba viwili kwa ukubwa, au asiye na kipande chochote ila veranda na ukuta. Mwenye shamba Kabare au Walungu anayajua haya tangu utotoni, na huenda akacheka akiona mtu anaeleza namna ya kupanda lengalenga. Acheke. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 na benki kufunga milango, pesa taslimu imekuwa ya kutafuta kwa tochi, na fungu la mboga la kila jioni ni hesabu inayopigwa nyumba nzima.

Jibu fupi, kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho, ni hili: kwenye parsele ya mjini panda majani. Mahindi, viazi na mihogo ya mizizi huja mjini kwa magunia, na kipande chako hakiwezi kushindana na vilima vya Walungu. Majani hununuliwa kila siku, hunyauka njiani, na hukua upesi. Hapo ndipo mita zako chache zinapolipa.

Msimu huanza lini hasa?

Wataalamu wa kilimo wa Kivu Kusini huugawa mwaka mara tatu. Msimu A huanza Septemba na mavuno yake huja Desemba na Januari. Msimu B huanza katikati ya Februari na kuvunwa kufikia Juni. Msimu C ni wa kiangazi, Juni hadi Agosti, na ni wa mabondeni penye unyevu au wa mwenye maji ya kumwagilia. Bukavu hupata takriban milimita 1,300 hadi 1,500 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Septemba na Mei. Kwa hiyo tatizo letu si uhaba wa mvua. Tatizo ni kwamba kwa miezi 9 maji huja kwa fujo, kisha kwa miezi 3 hayaji.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuikimbilia mvua ya kwanza. Inanyesha siku moja, vumbi linatulia, harufu ya udongo inapanda, na kila mtu anashika jembe. Kisha jua linarudi wiki mbili na mbegu zinaozea ardhini au zinachipua zikakauka. Kabla ya kusia chochote, chimba kidogo kwa kisu. Ikiwa unyevu umefika shibiri moja chini, anza. Ukikuta udongo mkavu chini ya tabaka la juu lililolowa, subiri.

Agosti ndio mwezi wa maandalizi, ingawa wengi huupitisha wakilalamikia vumbi. Ni wakati wa kuchanganya samadi na udongo, kutengeneza matuta, na kuweka kitalu kidogo cha shu (kabichi), puaro na seleri chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo kikombe cha maji asubuhi na jioni kinatosha. Miche ya shu hukaa kitaluni wiki nne hadi tano. Ukisia mwishoni mwa Agosti, mwanzoni mwa Oktoba unapandikiza kwenye udongo ulioshiba maji, huku jirani yako ndiyo kwanza anafungua kipakiti cha mbegu.

Mwezi wa Januari, au karibu na hapo, mvua hupumzika kidogo. Si kiangazi, lakini maharagi hupata nafasi ya kukauka. Aprili ndio mwezi wa mvua nzito, na aliyepanda kwenye mteremko bila kingo atakuta samadi yake kwa jirani wa chini.

Parsele yangu ni ndogo. Nianze na mmea gani?

Lengalenga. Hakuna mboga inayomsamehe mkulima mgeni kama hii. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo ukizimwaga hivi hivi zitarundikana mahali pamoja. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye vifereji visivyozidi kina cha ukucha, vilivyoachana sentimita 20, kisha funika kwa udongo mwepesi. Zinachipua kabla ya wiki kwisha. Kwa baridi ya Bukavu, wiki ya nne au ya tano unaanza kula: ng'oa iliyobanana, pika, acha mingine inenepe. Iliyobaki usiing'oe. Ikate shibiri moja juu ya ardhi, nayo itatoa matawi ya pembeni utakayokata mara tatu au nne kabla haijatoa maua. Sia mstari mpya kila wiki mbili na hutakosa.

Matembele yanafuata. Hayahitaji mbegu. Omba vipande vya mtambaa kwa mtu mwenye viazi vitamu, kila kimoja urefu wa sentimita 30 hivi, fukia theluthi mbili na uache ncha nje. Ukipata aina yenye nyama ya rangi ya chungwa, ichukue hiyo: majani ni mboga vilevile, na viazi vyake vina vitamini A ambayo watoto wa chini ya miaka mitano wanaihitaji sana. Matembele pia hutambaa na kufunika udongo, jambo litakalokuwa na maana tukifika kwenye swali la mteremko.

Sombe ina masharti. Muhogo kwenye mwinuko wetu hukua polepole, na kungoja mizizi ni kazi ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Ila majani huanza kuchumwa mapema, baada ya miezi mitatu au minne, na mashina machache kando ya uzio yanatosha nyumba. Chuma majani machanga ya juu, usiuvue mti nguo zote. Na wanaoanza kupika wakumbushwe kwamba majani ya muhogo yana sumu ya asidi ya sianidi. Kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni, ndiko kunakoiondoa. Mama zetu hawakuwa wakitwanga kwa mapenzi ya kelele.

Maharagi ya kupanda juu ni zao ambalo Kivu Kusini ina haki ya kujivunia. Kituo cha utafiti cha Mulungu, huko Kabare, kilichoanzishwa na wakoloni chini ya INEAC na leo kiko chini ya INERA, kimefanya kazi kubwa ya kuchagua aina za maharagi zinazopanda miti, zikiwamo zile zenye madini mengi ya chuma. Kwa mtu wa mjini faida iko wazi: maharagi mafupi hutanda chini, haya hupanda juu. Kijiti cha mita mbili kinabeba mashina mawili au matatu, na mavuno ya eneo lilelile huwa mara mbili au zaidi ya maharagi mafupi. Gharama ni vijiti. Usikate matawi ya miti inayoshika ukingo wa barabara. Tumia mabua makavu, nyaya kuukuu zilizofungwa ukutani, au kamba kutoka kwenye ukingo wa paa. Majani machanga ya maharagi nayo ni mboga, ila chuma kwa kiasi, mmea unahitaji kupumua.

Shu, puaro, seleri na karoti ni za hatua ya pili. Puaro na seleri ninazipendekeza kuliko shu, kwa sababu kila sufuria inazitaka kidogo kidogo na kwenye soko la Kadutu au Nyawera huuzwa kwa vifungu ambavyo nusu yake huoza jikoni. Mashina 20 ya seleri nyuma ya nyumba yanamaliza manunuzi hayo. Karoti isahau, isipokuwa uko tayari kulainisha udongo hadi kina cha mkono. Udongo mwekundu wa Bukavu unashikana kama matofali, na karoti iliyokutana nao hutoka na miguu mitatu.

Sina ardhi hata kidogo. Je, bustani ya saki inafanya kazi kweli?

Inafanya, ikijazwa vizuri. Wengi huishindilia udongo wa barabarani, wakamwaga maji juu, kisha wakashangaa mimea ya chini imekauka na ya juu imeoza.

Chukua saki ya kilo 50 ya mchele au unga. Kunja ukingo wake nje mara mbili ili usimame. Changanya udongo baseni mbili kwa samadi iliyooza baseni moja, na mchanga kidogo kama udongo unanata. Tafuta kopo kubwa la maziwa au la rangi lililokatwa pande zote mbili, juu na chini. Lisimamishe katikati ya saki, lijaze mawe madogo, kisha jaza udongo kulizunguka. Udongo ukifika usawa wa kopo, livute juu taratibu: mawe yanabaki kama nguzo. Rudia hivyo hadi saki ijae. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Maji ukiyamwaga juu ya mawe hushuka hadi chini na kusambaa pembeni, badala ya kububujika juu na kutiririka nje.

Acha mchanganyiko utulie siku mbili tatu. Kisha chanja vitundu pembeni kwa kisu, kila kimoja upana wa vidole viwili, vikiachana shibiri moja, na vya mstari wa pili vikae katikati ya vya mstari wa kwanza. Pembeni pandikiza miche yenye mizizi midogo: seleri, mnavu, lengalenga ndogo. Juu weka mmea mmoja au miwili mikubwa, kama shu au pilipili. Saki moja hunywa lita tano hivi kwa siku wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua huenda isihitaji chochote.

Isimamishe juu ya mawe matatu ili maji yapite chini, mahali panapopata jua nusu siku. Ikijaa na kulowa inazidi uzito wa mtu mzima, kwa hiyo isiwekwe kwenye baraza la mbao. Nyuzi zake za plastiki huchakaa kwa jua baada ya msimu mmoja au miwili. Ikianza kupasuka usingoje imwagike, ivalishe saki nyingine juu yake.

Kwa nini nyanya zangu huungua kila msimu wa mvua?

Kwa sababu unazipanda wakati usiofaa. Kuungua kunakozungumzwa hapa, wakulima hukuita mildiu, ni ugonjwa unaoletwa na kimelea kinachopenda baridi na majani yaliyolowa. Dalili ni madoa ya kahawia yanayogeuka meusi, na asubuhi na mapema ukigeuza jani utaona ukungu mweupe kwa chini kama unga. Ndani ya wiki moja mstari mzima umekwisha. Kimelea hichohicho kiliangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Hakina huruma na nyanya zako nane.

Bukavu iko kwenye baridi hiyo. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kartiye za kilimani ziko juu zaidi. Mvua ya Oktoba hadi Mei, ukungu wa asubuhi, na majani yasiyokauka hadi saa nne: kimelea hakiombi zaidi ya hapo. Wakulima wanaouza sokoni hupambana nacho kwa kupuliza dawa tena na tena. Kwa bustani ya nyumbani ninaona hiyo ni hasara mara mbili, ya pesa na ya afya, kwa sababu hakuna anayehesabu siku kati ya kupuliza na kuchuma mtoto akiwa na njaa. Ukilazimika kupuliza, soma idadi ya siku iliyoandikwa kwenye kopo na uiheshimu. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda bila karatasi usiinunue.

Njia yenye akili ni kuhamisha msimu. Sia nyanya kwenye kitalu mwezi wa Aprili, chini ya ukingo wa paa. Pandikiza mwishoni mwa Mei, mvua zikiaga. Zitatoa maua Julai na kuiva Agosti, wakati majani hukaa makavu mchana kutwa. Mche mmoja hunywa lita moja hadi mbili kwa siku, kwa hiyo bidoni ya lita 20 inatunza miche 10 au zaidi. Mwagilia shinani, si kwenye majani. Funga kila mche kwenye kijiti, ondoa majani yanayogusa ardhi, tandaza nyasi kavu chini. Usizipande karibu na viazi vya Kizungu, kwani hivyo viwili huambukizana ugonjwa huo.

Mtu akisisitiza kupata nyanya mwezi wa Desemba, njia iliyobaki ni paa: mstari mmoja wa miche ukutani, chini ya bati lililojitokeza, mahali mvua isipofika. Hapo atapata chache. Zitamtosha kwa mchuzi.

Maji ya kiangazi yatatoka wapi?

Mabomba ya REGIDESO kila mtu anajua yanavyofanya, na hakuna sababu ya kumwagia lengalenga maji yaliyopandishwa kilimani kichwani mwa mtoto. Angalia paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ndogo yenye mita 30 za mraba za manjanja, ikipata mvua ya milimita 20, ambayo si kubwa kwa Bukavu, hutoa lita 600, yaani mapipa matatu. Maji hayo hayatakaa hadi Agosti, lakini yatakuvusha kwenye pengo la Januari na kwenye wiki za mwisho wa Mei. Funika mapipa kwa kitambaa kilichokazwa, la sivyo utafuga mbu.

Kiangazi kikishika, yatumie maji mara mbili. Yaliyosuuza mchele, maharagi na mboga yanafaa moja kwa moja. Ya kufulia yenye sabuni kidogo yanafaa kwa migomba na miti, si kwa majani yanayoliwa. Yenye Javel au sabuni ya unga nyingi yamwage kwingine. Na tandaza: nyasi kavu, majani ya migomba yaliyokatwakatwa, mabua ya maharagi. Tandiko la unene wa vidole vinne hupunguza kiu ya udongo kwa kiasi unachokiona kwa macho.

Vijito vya mji viachwe. Kahuwa na vingine vinapita katikati ya nyumba na kubeba kila kitu, pamoja na maji ya vyoo. Kipindupindu hakijawahi kuondoka Kivu Kusini. Mboga inayopikwa ikachemka ina nafuu, lakini saladi, seleri mbichi na nyanya za kachumbari zilizomwagiliwa kwa maji ya kijito ni hatari isiyo na sababu. Kinyesi cha binadamu kibichi nacho kisitumike kama mbolea, hata kikichanganywa na majivu siku chache.

Mbolea ni ghali. Nifanyeje?

Tazama ukingo wa barabara yoyote inayotoka mjini. Lile ua la njano linalofanana na alizeti ndogo, lenye majani mapana machungu ambayo mbuzi huyala kwa shingo upande, ndilo tithonia. Miaka ya 1990 watafiti wa Maseno, magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu nyingi kiasi cha kulisha zao la mahindi. Yakate kabla hayajatoa maua, yakatekate, yafukie kina cha kiganja, subiri wiki moja au mbili, kisha panda. Au yajaze kwenye ndoo, tia maji, funika, koroga kila siku mbili, na baada ya wiki mbili chuja. Harufu itawafukuza wageni. Zimua kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji na umwage shinani.

Kobayi ni hazina nyingine. Nyumba nyingi za Kivu Kusini hufuga hao simbilisi jikoni au chini ya kitanda, wakila maganda na majani, na mara nyingi huwa mali ya watoto. Vinyesi vyao vikavu ni rahisi kubeba na haviunguzi miche kama samadi mbichi ya kuku. Samadi ya kuku lazima ioze miezi miwili au mitatu kwanza.

Majivu ya makala na kuni hupunguza uchachu wa udongo, na udongo wa milima yetu mara nyingi ni mchachu. Konzi mbili kwa kila mita ya mraba, mara moja kwa msimu, zinatosha. Usiyachanganye na samadi mbichi siku ileile, kwa maana naitrojeni itapotea hewani.

Parsele yangu iko kwenye mteremko. Je, kulima kutaniletea maporomoko?

Swali hili laiti lingeulizwa na wengi zaidi. Kulima kwenyewe hakuangushi kilima. Kinachokiangusha ni maji yaliyoelekezwa vibaya na udongo uliokatwa wima. Funu, pale Kadutu, ni mteremko mkubwa wenye makazi ya watu wengi ambao unasogea polepole, na watafiti walioufuatilia kwa picha za miaka mingi walichapisha mwaka 2022 kwamba ujenzi wa mji juu yake, pamoja na namna maji yanavyopita na kuvuja, umeongeza kasi yake. Bustani yako inaingia katika hesabu hiyohiyo ya maji.

Matuta yafuate upana wa kilima, yasishuke nacho. Ukitengeneza ngazi, ukuta wa udongo usizidi urefu wa goti, na ukingo wake upandwe majani yenye mizizi mingi: setaria, tripsakumu, vetiva, au mchaichai, ambao una faida ya chai. Kata majani ya ukingo, usiyang'oe. Matembele yanashika udongo vizuri kwenye mteremko wa wastani. Kamwe usichimbe chini ya ukuta wa jirani wa juu, wala usilime ukingo ulioota nyasi zenyewe, ziache zifanye kazi yake.

Pipa la mvua likijaa, maji ya ziada yaende kwenye mfereji, si kwenye udongo nyuma ya nyumba. Na pale ambapo kuta zimefanya nyufa mpya, milango imeanza kukwama au miti imeinama, usichimbe mitaro ya kunywesha ardhi maji, hata kama afisa kilimo wa kijijini kwenu aliisifu. Kwenye shamba la kawaida mitaro hiyo ni mizuri. Kwenye kilima kinachotembea inakilainisha kwa ndani.

Mgomba wangu umenyauka. Niukate wote?

Kata shina moja la mfano kwa panga. Likitoa uji wa njano ndani ya dakika chache, na ndizi zake zimeiva ovyo nyingine zikiwa mbichi, ni mnyauko wa bakteria ulioonekana Kongo mara ya kwanza Masisi mwaka 2001 na kushuka hadi kwetu. Zamani wakulima waliambiwa wang'oe shina zima na kulizika, kazi iliyowavunja wengi moyo. Siku hizi kinachofundishwa Kivu ni chepesi: kata shina linaloumwa tu, usawa wa ardhi, mara unapoliona, na urudi kila wiki kukagua. Panga lipite kwenye moto au kwenye Javel kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lile ua jekundu linaloning'inia liondoe kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kinapotokea, kwa sababu wadudu huubeba ugonjwa kutoka hapo. Kisu kisitumike.

Miti ya matunda?

Maparachichi, mandimu, mapera na marakuja yanafaa. Marakuja ya zambarau hupenda mwinuko wetu na hupanda uzio bila kula nafasi. Puruni ya Japani, Watanzania huiita mgogwe, huzaa katika mwaka wa pili na haikui sana. Stroberi hustawi hata kwenye makopo, kama wauzaji wa barabarani wanavyothibitisha. Embe liachie Uvira. Limezoea joto la bonde la Ruzizi, na hapa litakupa majani mazuri na matunda machache machungu. Parachichi lipandwe mbali na msingi wa nyumba, kwani jirani hataki kusikia habari za mizizi miaka 10 baadaye.

Wadudu?

Viwavi vidogo vya kijani kwenye shu vitoe kwa mkono asubuhi, chini ya majani. Vidukari huogopa maji ya sabuni ya kipande: kijiko cha sabuni iliyokunwa kwa lita moja, nyunyiza jioni, suuza kesho yake. Kupanda puaro kati ya mistari ya shu na kutorudisha zao lilelile mahali palepale misimu miwili mfululizo husaidia kuliko dawa nyingi.

Mbegu niweke mwenyewe?

Za lengalenga, maharagi, mnavu, pilipili na nyanya za kienyeji, ndiyo. Acha mashina mawili ya lengalenga yaliyo bora, si yaliyobaki baada ya kuvuna, yakauke yenyewe, kisha yapukute ndani ya gazeti. Maharagi ya mbegu yakaushe hadi jino lisiingie, changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, funga ndani ya chupa iliyojaa hadi kizibo ili fukusi wakose hewa. Chupa za maji zinatosha.

Za shu zinunue. Kabichi huhitaji baridi kali ya wiki kadhaa ili itoe maua, baridi ambayo Bukavu haina, na aina nyingi za dukani ni chotara ambazo hata zikizaa mbegu, watoto hawafanani na mama. Tazama tarehe iliyochapwa kwenye kipakiti kabla ya kulipa, na ikiwa mfuko umefunguliwa na mbegu zinapimwa kwa kijiko juani, nenda duka la pili.